Uzi wa breki: usingoje zipige kelele ndipo uzikague

Spana14

Wakuu, salaam. Swali linalorudi kila mara ni hili: nitajuaje kwamba breki za gari zinadai huduma? Jibu la haraka huwa "utasikia zinalia". Hilo ni nusu ya jibu. Kuna breki zinalia na hazina ugonjwa wowote, na kuna breki zimekwisha upande mmoja mpaka chuma na hazitoi hata mkwaruzo. Kwa hiyo nauanzia uzi huu mguuni, kwenye pedali, kisha macho. Masikio yaje mwisho.

Gari likiwa limesimama, zima injini. Kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu. Acha mguu juu yake kwa nguvu ya kawaida, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo na kutulia, busta, yaani kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwa mvuto wa hewa (vakyumu), iko hai. Isiposhuka, na ukawa unakanyaga kitu kigumu kama tofali, angalia mpira wa vakyumu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta: umepasuka, umechomoka, au vali yake ya njia moja imekufa. Busta yenyewe ilaumu mwisho. Kwenye dizeli vakyumu hutoka kwenye pampu yake, na pampu nayo huchoka.

Injini ikiwa bado inaunguruma, kanyaga kwa nguvu ile ile na usitoe mguu kwa nusu dakika. Pedali haitakiwi kuhama. Ikizama polepole kuelekea sakafuni, ama mafuta ya breki yanavuja nje, ama yanapita ndani ya masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali) kwa sababu raba zake zimelika. Kagua nje kwanza: magurudumu yote kwa upande wa ndani, mabomba, hosi (mipira inayopeleka mafuta kwenye breki), na pale masta silinda inapoungana na busta. Hapo pa mwisho watu hupasahau. Mafuta yanaweza kuvujia ndani ya busta, kikombe cha mafuta ya breki kikawa kinapungua na chini ya gari pakavu kabisa. Kama kila mahali pakavu na kikombe hakipungui, masta silinda ndiyo mshukiwa.

Pedali laini, inayobonyea kama sponji: kuna hewa kwenye mfumo. Pedali inayokwenda chini sana mara ya kwanza, ukikanyaga tena upesi inapanda juu: viatu vya nyuma (vipande vinavyosugua) viko mbali na dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu), au beringi ya gurudumu ina mchezo, na diski ikiyumba inazisukuma pedi nyuma.

Macho sasa. Kwenye rimu nyingi za aloi unaweza kuchungulia kwa tochi bila kufungua tairi. Utaona ukingo wa diski unaong'aa, juu yake kalipa (kifaa kinachozibana pedi) imeikumbatia, na katikati yao pedi imesimama kwa ubavu: bamba la chuma, na mbele yake nyama, yaani ile sehemu inayosugua, nyeusi au kijivu, mara nyingi ina ufa mmoja wa makusudi katikati. Usihesabu bamba kama nyama. Pedi mpya ya gari dogo huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12. Ikibaki 3, badilisha. Bamba nyingi zina unene wa milimita 5 au 6, kwa hiyo linakupa kipimo cha bure: nyama ikilingana na bamba anza kutafuta pedi, ikifika nusu ya bamba usipange safari.

Ila hapo umeiona pedi ya nje tu. Ya ndani, iliyo upande wa pistoni, haionekani vizuri mpaka tairi litoke. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikikwama, ya ndani hufanya kazi peke yake, ikafika chuma huku ya nje ikiwa nene kama jana. Ndiyo maana "nimechungulia, ziko vizuri" siikubali.

Masikio kwa ufupi. Mlio mwembamba mkali wa kudumu kwa kawaida ni kile kibati kilichowekwa kwenye pedi kiguse diski nyama ikibaki milimita 2 hivi. Sauti ya kusaga, nzito, unayoisikia hadi mguuni: chuma kwa chuma, na hapo diski inaliwa. Kugonga "ko-ko" kwenye mashimo, na ukigusa breki kunanyamaza: klipu za pedi zimechoka au fundi alizitupa.

DadaUsukani

Asante mkuu, hapo kwenye bamba na nyama nimeelewa. Na breki zinazolia asubuhi tu, mara tatu nne, kisha zinanyamaza? Na zile zinazolia gari likirudi nyuma?

Spana14

Dada, ya asubuhi ni kutu. Diski ni chuma cha kalibu. Umande au maji ya kuosha gari yakilala juu yake, kesho yake kuna utando mwembamba wa rangi ya chungwa. Pedi zinaufuta kwa kukanyaga mara chache. Hakuna cha kutibu. Mlio ukiendelea baada ya breki kumi, hiyo si kutu tena.

Ya kurudi nyuma: pedi inapogeuziwa mwelekeo husogea kidogo kwenye nafasi yake na kutetema. Ikitokea rivasi tu, na nyama ipo, mara nyingi ni vibati vya nyuma ya pedi vimekosekana au sehemu ya kuteleza imekauka. Haiui mtu, ila inaudhi.

Mikromita

Naongeza la kutetema, maana linaongoza kwa kutibiwa vibaya. Usukani ukitetema unapokanyaga kwa kasi ya 80 au 100, shuku diski za mbele. Mtetemo ukija kwenye kiti na pedali bila usukani, shuku nyuma. Ukitetema hata bila kukanyaga, acha breki, nenda kwenye balansi ya matairi.

Watu husema "diski imepinda". Mara nyingi haijapinda. Ilifungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, ikakaa upande kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Kila mzunguko inaigusa pedi sehemu ile ile, na baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imekuwa nyembamba kuliko nyingine. Tofauti ya unene ya milimita 0.02 inatosha mguu kuihisi. Kuyumba kwa diski ikiwa imefungwa kwenye gari, watengenezaji wengi hawataki kuzidi milimita 0.05 hivi. Ndiyo maana unafunga diski mpya leo, kesho shwari, na baada ya miezi michache mtetemo umerudi: habu haikusafishwa. Brashi ya waya na msasa, dakika tano kila mguu, yaani kila gurudumu.

Unene pima kwa mikromita sehemu sita mpaka nane kuzunguka, milimita 10 ndani ya ukingo. Vernia ya kawaida hukaa juu ya lile ukuta la kutu pembeni na kukudanganya kwamba diski bado nene. Kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta "MIN TH". Diski ya mbele yenye milimita 22 ikiwa mpya mara nyingi mwisho wake ni 20. Milimita 2 tu, pande zote mbili zikijumlishwa.

Tornado_ya_Zamani

Mikromita, diski ikitetema si unaipeleka tu kwa fundi wa mashine ya kukereza aichonge? Kwa nini kutupa chuma kizima.

Mikromita

Inachongeka kama baada ya kuchonga itabaki juu ya MIN TH, tena na akiba ya kulika. Hesabu: una 20.8, mwisho 20. Fundi akiondoa 0.3 kila upande umebaki na 20.2. Hiyo si diski, ni pedi mbili zinazosubiri kukutana. Ikiwa bado 21.6, chonga, sina ugomvi. Lakini ichongwe ikiwa na habu yake au kwenye mashine iliyonyooka, la sivyo inarudi na ugonjwa ule ule. Yenye nyufa zinazofika ukingoni, au madoa ya bluu yaliyoingia ndani kwa moto, usichonge. Hiyo ni ya chuma chakavu.

Tornado_ya_Zamani

Hapo sawa, nimekubali yaishe.

GiaTano

Wakuu, kuvuta upande je? Gari likivuta kushoto ukikanyaga breki, tatizo liko kushoto?

Spana14

Mara nyingi kinyume chake. Likivuta kushoto maana yake kushoto kunashika na kulia kunazembea. Anza mguu wa kulia: pistoni imekwama, pini zimekauka, pedi imelowa grisi au mafuta, hosi imeziba. Kabla ya yote pima upepo wa matairi, kwani tairi moja lenye upepo kidogo linaweza kukufanyia uongo huo huo.

Ila kama linavuta kushoto hata ukiwa hujakanyaga, na rimu ya kushoto ina moto kuliko ya kulia, basi kushoto kunang'ang'ania. Mafundi wanasema breki imejamu.

FundiMkimya

Na ikijamu, watu hununua kalipa mara moja. Msinunue kwanza. Jaribio ni la dakika mbili.

Inua mguu wenye shida, weka stendi, zungusha tairi kwa mkono ili ujue ugumu wake. Mwenzako akanyage breki mara moja na kuachia. Zungusha: haliendi. Sasa legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa hiyo, robo mzunguko tu, na kitambaa chini.

Mafuta yakiruka na tairi likaachia: shinikizo lilikuwa limefungiwa, kalipa haina kosa. Hosi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ndani ya hosi ya zamani utando hubanduka na kuwa kama mlango wa njia moja. Mguu wako una nguvu ya kuusukuma, mafuta yanakwenda, lakini kalipa haina nguvu ya kuyarudisha. Nje hosi inaweza kuwa nzuri kabisa, haina hata ufa. Kuhakikisha, funga skrubu, jamisha tena, kisha legeza nati ya bomba la chuma linapoingia kwenye hosi: likiachia hapo, tatizo liko nyuma zaidi, huenda masta silinda haina nafasi ya kurudi kwa sababu fimbo ya pedali imerekebishwa ikawa ndefu mno. Lisipoachia, ni hosi.

Ukilegeza skrubu ya kalipa na tairi bado limekaza: hapo ni chuma. Pistoni ina kutu chini ya raba ya vumbi, au pini.

Pini zichomoe uzitazame. Nzima inateleza kwa vidole viwili na kurudi na upepo kidogo, "pfu". Iliyokufa unaichomoa kwa nyundo, ina mistari ya kahawia na grisi imegeuka lami.

DadaUsukani

Unajuaje rimu ina moto bila kuungua mkono?

FundiMkimya

Kipimajoto cha miale kama kipo: endesha dakika 15 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, elekeza kwenye diski za ekseli moja. Kulia na kushoto zikaribiane. Mmoja ukizidi mwenzake kwa nyuzi 50 au zaidi, huo umejamu. Kama hakipo, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, utahisi. Au dondosha matone mawili ya maji kwenye rimu karibu na nati. Yakichemka umepata jibu. Kwenye diski usimwage maji, chuma chenye moto kikipata baridi ghafla ndipo kinapopasuka.

Kidume_wa_Mteremko

Hapa kwenye moto kuna kitu madereva wa milimani wanatakiwa wakijue. Breki zikiisha nguvu kwenye mteremko mrefu kuna magonjwa mawili, na mguu unaweza kuyatofautisha.

La kwanza: pedali ngumu, iko juu, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halipungui. Pedi zimepita joto lake, zinateleza kwenye diski. Zikipoa nguvu inarudi, ingawa uso wake unaweza kubaki unang'aa kama kioo.

La pili: pedali inakwenda mpaka chini bila kupinga. Mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi. Hili ni baya zaidi kwa sababu linakuja ghafla. Piga pampu pedali upesi, shuka gia, tumia hendibreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake ili magurudumu ya nyuma yasijifunge.

Ugonjwa wa pili unatokana na mafuta ya zamani. Mtaalamu wa mafuta aje amalizie.

Lita_Moja

Nimefika. Mafuta ya kawaida ya breki, madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yanavuta maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia hosi na kila kikombe kinapofunguliwa. Viwango vya chini vinavyotakiwa ni hivi. DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingia maji asilimia 3.7, nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazameni DOT 4 inavyoporomoka nyuzi 75 kwa maji ambayo huwezi hata kuyaona. Ndiyo sababu ya kubadilisha kila miaka miwili kwa magari mengi, hata kama gari halikutembea sana.

DOT 5 bila ".1" ni silikoni. Haichanganyiki na hizo nyingine. Usiweke kwenye gari ambalo kitabu chake hakikutaja, na usiweke kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga).

Rangi ni dalili dhaifu. Mafuta mapya ni kama asali nyepesi. Yakiwa ya kahawia iliyokoza au meusi badilisha, lakini yakiwa safi bado yanaweza kuwa na maji. Kuna kipimo kidogo cha kalamu chenye taa. Asilimia 3 kwenda juu, toa yote. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwaka jana usiitumie.

GiaTano

Kikombe kikipungua si unaongeza tu mpaka MAX?

Lita_Moja

Hapana, na hili ndilo kosa linalonikera kuliko yote. Mfumo wa breki umefungwa, hauli mafuta kama injini chakavu. Kiwango kikishuka polepole, pedi zinalika: pistoni zinatoka nje zaidi na mafuta yanazifuata. Yaani kikombe ni geji yako ya pedi. Ukijaza mpaka MAX umeivunja geji, na siku ya kufunga pedi mpya pistoni zikirudishwa ndani mafuta yatamwagika juu ya rangi ya gari. Mafuta haya hutoboa rangi. Yakidondoka osha kwa maji mengi papo hapo.

Yakishuka haraka, ndani ya siku au wiki, hilo ni vujo. Usiongeze na kuondoka. Litafute.

Na msije mkauliza kuhusu oili ya injini, hidroliki au mafuta ya usukani kwa dharura. Raba za breki zinavimba zikigusa mafuta ya aina hiyo. Kijiko kimoja kinaweza kukulazimisha kubadili masta silinda, silinda za nyuma, kalipa na hosi.

NatiNaBolti

Kabla hatujafika kwenye kufunga pedi, dramu za nyuma zinasahaulika. Toa dramu. Ikigoma, kwenye nyingi kuna matundu mawili yenye uzi. Ingiza bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Kama bado, viatu vimeingia kwenye mtaro uliolika. Rudisha kirekebishi kwanza kupitia tundu la nyuma.

Nyama ya kiatu ikiwa mpya ni milimita 4 au 5, badilisha inapokaribia 1.5. Iliyopigwa riveti, hesabu kutoka kichwa cha riveti, si kutoka chuma. Dramu nayo ina maandishi "MAX" ya kipenyo. Ya milimita 200 mara nyingi mwisho ni 201.

Halafu inua kwa bisibisi ukingo wa raba ya silinda ya gurudumu. Unyevu mdogo unaweza kuvumilika. Mafuta yakitiririka, silinda imekufa, na viatu vilivyolowa usivikaushe kwa petroli wala moto. Badilisha pande zote mbili.

Vumbi usilipulize kwa kompresa. Pedi na viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Lowesha, futa, tupa.

Hendibreki: hesabu milio ya "tik" ukivuta. Magari mengi hushika kati ya 5 na 8. Ikifika 10 usikimbilie kukaza kebo. Rekebisha viatu kwanza, kebo baadaye, la sivyo viatu vitabaki vimegusa dramu.

DadaUsukani

Naomba hatua za kufunga pedi za mbele, kwa mpangilio, kwa mtu ambaye ana spana na anajua kuzitumia.

Spana14

Dada, hivi. Kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati tairi likiwa chini, inua, weka stendi. Jeki peke yake si stendi. Geuza usukani upande wa kazi ili kalipa ikutazame.

Toa bolti ya chini ya pini, mara nyingi spana 12 au 14. Shikilia pini yenyewe kwa spana nyembamba isizunguke. Inua kalipa juu kama kifuniko. Ikibidi kuitoa kabisa, itundike kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa hosi umeshaiharibu hosi.

Toa pedi, na kumbuka ipi ilikuwa ndani. Hizi za zamani ndizo ripoti yako. Ya ndani imelika kuliko ya nje: pini, au pistoni hairudi. Ya nje imelika zaidi: pini zinang'ang'ania wakati wa kuachia. Imelika kwa mshazari, nene juu nyembamba chini: kalipa inakaa upande. Zimelingana: hongera. Mtu akifunga pedi mpya bila kusoma ripoti hii, zitaisha vile vile.

Kabla ya kusukuma pistoni, fungua skrubu ya upepo, weka mpira mwembamba kwenye chupa, sukuma kwa klampu taratibu na ufunge skrubu pistoni ikifika mwisho. Mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi kwenye vali za ABS. Kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani yake usizisukume kwa klampu: nyingi pistoni zake huzungushwa kuingia. Zenye hendibreki ya umeme zinawekwa kwanza kwenye hali ya huduma kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ukilazimisha unavunja gia za mota.

Safisha mabega ya braketi pale klipu zinapokaa mpaka chuma kionekane. Klipu mpya. Grisi ya breki ya silikoni kwenye pini, kiasi cha utando tu. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba. Pedi mpya zikikaa, zisogee kwa kidole. Zikihitaji nyundo, bado hujasafisha.

Bolti za pini kwenye magari mengi madogo hukazwa kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 35, za braketi 80 hadi 110, nati za tairi 100 hadi 110. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu. Nati kwa msalaba, si kwa mzunguko.

Fanya mguu wa pili. Ekseli nzima, kila mara.

Mikromita

Na pedi mpya zifundishwe. Barabara tupu, breki kumi za nguvu ya wastani kutoka 60 mpaka 10, bila kusimama kabisa, na kati yake endesha kidogo zipoe. Ukisimama na mguu umekanyaga diski ya moto, pedi inaacha muhuri wake pale, na mtetemo niliousema juu unaanza siku ya kwanza. Kilomita 200 za mwanzo usizitese.

GiaTano

Na kutoa upepo kwenye mfumo wa breki, tunaanza gurudumu gani?

FundiMkimya

Desturi ni la mbali zaidi na masta silinda kwanza, la karibu mwisho. Yapo magari yenye mpangilio wake, soma kitabu. Mwenzako anakanyaga na kushikilia, unafungua, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga umevuta hewa. Kikombe kisikauke hata mara moja. Kubadilisha yote andaa lita moja. Kwenye masta silinda ya zamani usimruhusu akanyage mpaka sakafuni: raba inakwenda sehemu yenye kutu ambayo haijawahi kufika, inachanika, na wewe unaondoka na ugonjwa ambao hukuja nao. Weka kipande cha ubao chini ya pedali.

DadaUsukani

Taa kwenye dashibodi mmezisahau.

Spana14

Kweli. Nyekundu ya breki: hendibreki haijashuka vizuri, au mafuta yamepungua. Ikiwaka kwenye kona na kuzimika, mafuta yako kwenye mstari wa mwisho na yanacheza. Ya njano ya ABS peke yake: breki za kawaida zipo, ABS haipo. Nyekundu na njano zote pamoja: mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umezimwa pia, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema na gari likageuka. Hiyo usiendeshe kwa kasi, ipeleke ikasomwe.

Na kuna hii: pedali inatetema na kunguruma mwishoni kabisa, gari likiwa karibu kusimama kwenye lami kavu. ABS imedanganywa. Sensa ya gurudumu ina uchafu au pete yake ina kutu au ufa. Kwenye barabara yenye utelezi mtetemo huo ni ABS ikifanya kazi yake, endelea kukanyaga.

Tornado_ya_Zamani

Gari za haibridi nasikia breki hazijui kuisha.

NatiNaBolti

Pedi zinadumu sana kwa kuwa mota ndiyo inapunguza mwendo kwa sehemu kubwa. Ila diski hazisuguliwi vya kutosha, zinaota kutu upande wa ndani, na pini zinakwama kwa kukaa. Nyama ina milimita 9 na breki imejamu. Kila mwaka toa tairi, vuta pini, paka grisi.

GiaTano

Swali la mwisho: ukaguzi wa kawaida, kila kilomita ngapi?

Spana14

Kila elfu 10, au kila tairi linapotoka kwa sababu yoyote; ukizibiwa pancha, mguu tayari uko wazi, tazama pedi ya ndani. Mtu wa mjini wa foleni na mtu wa mteremko wafanye kila elfu 5.

Nimesahau kitu kwenye hatua zangu, dada, ukiwa tayari umeanza: ukimaliza kufunga, kabla hujawasha gari kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka ipande na kuwa ngumu. Pistoni ulizirudisha ndani zote, kwa hiyo kanyago la kwanza linakwenda hadi chini na halishiki kitu.

DadaUsukani

Imepanda kwenye kanyago la nne. Pedi ya ndani kulia ilikuwa milimita 2, ya nje 7. Nakwenda kuchomoa pini.